Kukata Kumo, Chuma Hakimo

Geti lilipomwangukia Nyundo, hakuita mama wala Mungu. Alisema, "Angalieni lisipinde." Mwenye geti alikuwa anakuja kulichukua saa nane.

Ndiyo mtu mwenyewe huyo. Fundi wa kuchomelea vyuma, mikono kama koleo, mdomo mzito, na akishika kazi hata uite moto haendi mpaka amalize. Karakana ilikuwa yake na mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa vile kila anaporuka lazima amchome mtu. Na mnyororo wa kulinyanyulia lile geti aliufunga Cheche. Aliufunga mbio mbio. Kaka yake akamwambia, "Rudia." Yeye akasema, "Umeshika huu." Haukushika.

Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, na kipande kimoja cha mfupa kikachungulia nje kama mwenye nyumba aliyesikia kelele. Cheche alivua shati, akaufunga, akamshika kaka yake kichwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwenye geti, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika. Mke wa Nyundo aliwakuta getini hospitalini amevaa kandambili mbili zisizofanana, mkononi kashika kadi ya bima kaiinua juu kama refa.

"Tuna bima," alimwambia mlinzi. Akamwambia nesi. Akamwambia na mwanamke aliyekuwa anapiga deki. "Tuna bima sisi."

Kadi hiyo Cheche alikuwa ameicheka sana. Watu wa bima ya umma walipokuja mtaani na spika zao, shemeji yake alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Kila mwezi alikata kwenye faida ya ushonaji wake, hata miezi ambayo cherehani ilishona kanga za majirani bure. "Shemeji, yaani unalipia kuumwa?" Cheche alikuwa akimwambia. Naye alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Nalipia kutoomba."

Sasa kadi ikapitishwa kwenye mashine, mashine ikalia tii, milango ikafunguka. Eksirei, tii. Damu, tii. Dripu, sindano ya maumivu, kitanda, tii, tii, tii. Hakuna aliyeulizwa hata shilingi ya chumvi. Lifti ilikuwa imekufa, kwa hiyo wanaume wanne wakambeba Nyundo kwa machela hadi wodi ya mifupa ghorofa ya pili, na pale kwenye kona ya ngazi, pamoja na maumivu yote yale, akageuza shingo.

"Reli yetu," alisema.

Kweli. Miaka miwili nyuma wao ndio waliochomelea reli za ngazi hizo, chuma kile cheupe kisichoshika kutu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Mabaki yake bado yalikuwa karakana, Nyundo kakataa kuyauza.

Siku mbili Cheche alimeza maneno yake. Shemeji alipiga simu kwa ukoo mzima, akisema bima si mchezo, jiandikisheni, mnangoja nini? Sauti yake ilikuwa na ushindi, na nani angemnyima?

Siku ya tatu akaja daktari wa mifupa, mtu mfupi mwenye macho ya kukosa usingizi. Akafunua kidonda, akakinusa, akaitikia kwa kichwa.

"Kidonda kisafi," alisema. "Huyu tunamwekea chuma ndani, kinaushika mfupa, baada ya miezi anatembea. Lakini iwe wiki hii hii. Tukichelewa, usaha unaingia kwenye mfupa, na usaha ukishaingia huko sina la kuwaambia. Nendeni dirisha la bima mkamalize mambo ya chuma."

Wakashuka, Cheche na shemeji yake. Dirisha la bima lilikuwa chini, mkabala na choo. Dada aliyekaa ndani alikuwa na miwani ya kamba na sauti ya upole, na hilo lilimkera Cheche kuliko yote. Mtu mwenye kiburi unajua pa kumrushia maneno. Mpole utamfanyaje?

"Upasuaji umo," dada alisema, anafuata na kidole kwenye karatasi. "Chumba cha upasuaji kimo. Dawa ya usingizi imo. Kitanda, dawa, kusafisha kidonda, vimo. Chuma hakimo."

"Hakimo vipi?" shemeji akauliza.

"Vifaa vinavyobaki ndani ya mwili haviko kwenye kitita chenu cha mafao, mama. Mnanunua wenyewe. Mkileta chuma, kukiweka ni bure."

"Mbona kwenye kijikaratasi mliandika upasuaji wa mifupa?"

"Umo. Ndiyo nimekwambia umo."

"Sasa huo upasuaji wa kufungua na kufunga tu ni wa nini? Mnaangalia kama mfupa bado upo?" Cheche akaingilia.

"Kaka yangu, mimi siandiki kitita. Mimi nasoma."

Akawaandikia bei ya chuma kwenye kipande cha karatasi. Shemeji alikisoma, akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama kidonge. Cheche yeye alikuwa ameganda kwenye kitu kingine.

"Na asipowekewa?"

"Mwulize daktari."

"Nakuuliza wewe. Mguu ukioza?"

Dada alishusha miwani. Akafungua ukurasa mwingine. "Kukata kumo," alisema taratibu. "Kukata kumo kote, asilimia mia."

"Na mguu wa bandia?"

"Haumo."

"Magongo?"

"Hayamo."

"Yaani nyie kubomoa mnalipa, kujenga hamtaki."

"Watu wako nyuma yako, kaka."

Juu wodini walimweleza Nyundo. Alisikiliza anatazama dari. Mkewe akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yanakwenda, anasema, "Nilisoma. Naapa nilisoma kile kikaratasi mpaka nyuma." Nyundo akamwekea mkono kichwani. "Ulisoma, mama watoto. Kusoma si kosa."

Halafu Cheche akasema, "Rudia alivyosema yule dada. Mkileta chuma?"

"Kukiweka ni bure," shemeji akajibu, anajifuta.

"Mkileta. Hakusema mkileta kutoka wapi."

Nyundo akashusha macho kutoka darini. Ndugu wawili wakatazamana. Mtu mwingine yeyote pale wodini angeona wazimu. Lakini hao wameishi maisha yao yote wakiambiwa kitu fulani hakipatikani, kinaagizwa, kinatoka mbali, wao wanakwenda wanakitengeneza. Bawaba, kufuli, gia ya mashine ya kusaga, mpaka ekseli ya mkokoteni. Chuma cha mguuni ni nini? Bapa lenye matundu.

"Mabaki ya reli," Nyundo akasema.

"Ndiyo hayo."

"Hayo hayashiki kutu."

"Kila siku zinapigwa deki na dawa kali hizi ngazi, umeona doa?"

Nyundo akacheka, mara ya kwanza tangu geti. Akaomba picha ya eksirei. Wakaiinua dirishani, Nyundo anapima kwa ncha ya kidole. "Usiache kona kali hata moja, itanikata ndani. Toboa matundu manane. Usitoboe kwenye mstari mmoja, yapishanishe, mfupa usije ukapasuka kama mbao. Na mdomo wa tundu uupanue, kichwa cha skrubu kizame. Ukimaliza, piga msasa mpaka ujione."

"Nitajiona."

"Usifanye mbio mbio."

Hilo la mwisho alilisema bila kumtazama.

Kwenye korido simu ya Cheche ikalia. Mjomba wao, yule wa shamba. Alikuwa na ng'ombe wanne, na mnunuzi kasimama zizini pale pale, kashika kamba.

"Mpwa wangu, shemeji yako kaniambia kuna chuma kinatakiwa. Niwaachie wawili waende? Sema sasa hivi, huyu mtu ana gari."

Cheche angeweza kusema ndiyo. Baadaye alirudia simu ile kichwani mara nyingi kuliko sala. Lakini wakati ule kifua kilimjaa. Mnyororo aliufunga yeye. Mguu atauunga yeye.

"Acha ng'ombe wako, mjomba," alisema. "Chuma tumeshapata."

Siku tatu Cheche hakuchomelea geti la mtu. Wateja walikuja wakatukana wakaondoka. Alikata bapa kwa grenda, akalibana kwenye jiriwa, akalipa mkunjo mdogo wa kufuata mfupa, huo mkunjo akaupima kwenye mguu wake mwenyewe, maana watu husema miguu yake na ya kaka yake ni pacha. Alivunja keekee tatu kwenye matundu, chuma kile ni kigumu, kina roho mbaya. Tundu la sita likaenda kombo kidogo. Angeweza kuliacha, nani angeliona ndani ya nyama? Akatupa kile kipande, akaanza upya. Kwa maisha yake yote ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kurudia kazi bila kuambiwa.

Skrubu alizichonga kwa tupa, moja moja, nane, na mbili za akiba. Alipomaliza msasa, alijiona. Uso mwembamba wenye matundu manane.

Shemeji alikichemsha kile chuma kwenye sufuria yake mpya, akakifunga kwenye kitambaa cheupe alichokipindia kingo kwa cherehani. Njiani alikipakata kama mtoto.

Daktari alikifungua mezani kwake. Akavaa glavu kwanza. Akakigeuza, akapitisha kidole ukingoni, akaingiza skrubu moja kwenye tundu, ikazama sawia. Alikaa nacho muda mrefu mpaka Cheche akaanza kutabasamu.

"Nani katengeneza?"

"Mimi. Kaka kaelekeza."

"Kazi nzuri hii," daktari akasema. "Kazi nzuri sana."

"Basi weka, dokta. Dada wa dirishani kasema tukileta, kukiweka ni bure."

Daktari akakirudisha kwenye kitambaa, polepole, akafunika.

"Siwezi."

"Huwezi kivipi? Umesema kazi nzuri."

"Kijana, hiki cha reli na kile cha mwilini ni ndugu, si mapacha. Damu si maji ya deki. Damu ina chumvi, ina joto, inafanya kazi saa zote. Hiki kitaanza kutoa sumu ndani humo, kitalegea, na kisipolegea kitavunjika. Tena nikikiweka, kesho nimefungwa."

"Sema hutaki kufungwa. Usisingizie chumvi."

"Cheche," shemeji akamkanya.

"Mwache," daktari akasema. "Vyote viwili. Sitaki kumuua ndugu yako, na sitaki kufungwa." Akavua glavu. "Ila niambieni kitu kimoja. Mlikuwa mnatafuta hela, si ndiyo? Nesi aliniambia familia inahangaika, nikasema niwape nafasi. Siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Kitambaa kilikuwa mezani, kingo zake zimepindwa vizuri.

"Nilimwona asubuhi," daktari akasema. "Kidonda kimebadilika harufu."

Cheche alimpigia mjomba pale pale. Mnunuzi alishaondoka. Mjomba hakulalamika hata neno, akawachunga ng'ombe wawili kwa miguu mpaka mnadani, mnada wenyewe haukuwa siku ile, akalala huko akingoja. Pesa ilifika siku ya tatu. Shemeji akakimbia nayo kwenye duka la vifaa vya hospitali, akarudi na chuma halisi ndani ya mfuko wake, chembamba, cha kijivu, hata haking'ai kama kile cha Cheche.

Kufika wodini, Nyundo anatetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili, mchana wa jua kali. Daktari aliwatoa nje, kwenye kona ya ngazi, akaegemea ile reli.

"Usaha umeingia kwenye mfupa na unapanda. Nikiweka chuma sasa, naufungia mlango kwa ndani. Mguu au yeye. Nahitaji sahihi."

Shemeji alimgeukia Cheche. Mwanamke yule kwa miaka yote hakuwahi kumwinulia sauti mdogo wa mumewe, hata alipomchekea kadi.

"Ulimwambia mjomba asiuze," alisema. "Ng'ombe kafungwa kamba shingoni, wewe ukasema tumepata. Tulipata nini, shemeji? Nieleze. Tulipata nini?"

Cheche aligeuka, akaingia wodini.

Aliyejibu ni Nyundo kitandani, maana alikuwa amesikia yote, wakati wanamletea kalamu. Sauti imekauka kama msasa. "Mwacheni huyo. Matundu nilimwelekeza mimi. Kama ni kosa, tumelichomelea wawili." Akaweka sahihi yake, ile ile anayoweka kwenye risiti za mageti, herufi ya kwanza kubwa, nyingine zote zinakimbia. Halafu akamuuliza nesi, "Na hii imo?"

"Imo, baba."

"Yote?"

"Yote. Hulipi kitu."

"Mungu awabariki," Nyundo akasema, na hakuna aliyejua kama anatania.

Mguu ukakatwa. Kadi ililia tii tena, kama siku ya kwanza. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, haki ya Mungu. Nesi walikuwa wapole, dawa zilikuja kwa wakati, shuka zilibadilishwa. Duka la vifaa lilikataa kukirudisha kile chuma kwa sababu mfuko ulishafunguliwa, kwa hiyo ng'ombe wawili wa mjomba wakakaa kwenye droo ya cherehani, ndani ya mfuko, pamoja na vifungo.

Kile cha reli Cheche alikirudisha karakana. Akakibana kwenye jiriwa, akakamata bomba refu, akajaribu kukipinda mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kilikataa. Akakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, kikalia kama kengele. Halafu akachukua mabomba yaliyobaki, akaanza kutengeneza magongo, kwa sababu magongo hayamo.

Siku ya kuruhusiwa, Cheche alikwenda dirishani kuchukua karatasi ya kutokea. Dada wa miwani aliichapisha, kurasa tatu, kila mstari umeandikwa imelipwa.

"Mpeni pole sana," alisema. "Saini hapa, kwamba mmepata huduma zenu zote."

"Zote?"

"Zilizomo."

Cheche akasaini. Kisha akainama, mdomo karibu na tundu la kioo.

"Dada, tuliuzika wenyewe ule mguu, nyuma ya nyumba. Mzee wa mtaa katuuliza kibali. Hiyo nayo imo?"

Dada alimtazama. Macho yake yalikuwa na maji, na Cheche akamchukia kwa hilo. Alitaka sana awe mbaya.

"Haijaandikwa," dada akasema.

Lifti ilikuwa bado imekufa. Nyundo alisimama juu ya ngazi, magongo mapya makwapani, suruali ya kulia imekunjwa na mkewe na kushonwa safi. Akaziangalia ngazi. Akampa Cheche gongo moja, akashika reli.

Wakaanza kushuka. Anaruka, anapumzika. Anaruka, anapumzika. Shemeji kashika mfuko wa nguo na ile kadi, yuko mbele, kila mara anageuka. Aliyekuwa anapiga deki akasimama pembeni na ndoo yake kuwapisha.

Katikati ya ngazi Nyundo akasimama. Cheche akadhani kachoka. Kumbe kidole gumba kimesimama kwenye kiungo cha reli, kinapapasa, kinarudi, kinapapasa.

"Kiungo hiki chako," Nyundo akasema.

"Najua."

"Kina tundu."

"Twende, kaka. Shemeji anangoja."

Nyundo hakuondoa kidole.

"Nilikwambia rudia," akasema.

Cheche aliinama akalishika gongo kwa mikono miwili. Zilikuwa zimebaki ngazi kumi na moja.